Nilikuwa Masikio ya Gari la Baba

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Mafubira alipita mbele ya kibaraza changu na gari lake jipya. Jipya kwake, maana lenyewe ni fowili la zamani, lile la kuvuta kwa miguu yote minne, na limepita mikono mingi kuliko sufuria ya harusini. Nilikuwa nachagua maharage. Likapita likilia tii-tii-tii chinichini, na alipoingiza gia ya kurudi nyuma likagonga: nka!

"Jirani," nikamwita, "hiyo krosi ya nyuma. Ya propela."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Dada, wewe hata Jinja mjini hufiki! Krosi umeijulia wapi? Gari limechomekwa kompyuta, ikasema zima."

"Kompyuta haina masikio."

Ni kweli, mimi si mtu wa safari. Hata kwenda getini naaga kwanza. Lakini nikuambie, rafiki yangu, kuna wakati niliimaliza barabara yote ya Jinja hadi Mbale, kila wiki ya likizo, nimekaa juu ya gunia nyuma ya kiti cha dereva, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kusikia.

Baba alikuwa dereva wa jeshi. Malori makubwa yalimnyang'anya masikio kidogo kidogo, na alipostaafu yalibaki ya kutosha watu tu. Ukisimama karibu, akiona midomo yako, alikujibu vizuri. Mlio wa chuma ulikuwa umempotea kabisa. Sasa mtu kama huyo akanunua nini? Fowili kuukuu, la kupeleka akina mama wa biashara soko la Nakaloke, kule mbele ya Mbale. Gari la namna hiyo huongea kabla ya kufa, na dereva asiyelisikia ni abiria aliyeshika usukani. Akina mama wangejua, hakuna ambaye angepanda. Na Baba bila usukani, hata Mama hakutaka kufikiria tungeishi naye vipi ndani ya nyumba.

Basi akanifundisha mimi. Nyumbani tuliongea Kiswahili cha kambini, majirani wakidhani tunagombana, na masomo yenyewe yalikuwa kama gwaride. Jumamosi asubuhi tulikwenda njia ya Budondo, vumbi jekundu, harufu ya mahindi ya kuchoma, mimi nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya gari, sikio kwenye bati. "Naachia mafuta! Inasemaje?" Ikivuma akikanyaga, ikageuza sauti akiachia, ni difu, lile tufe la gia katikati ya magurudumu. Ikinguruma tukikata kona ya kulia, ni beringi ya gurudumu la kushoto, kwa sababu uzito wote umelilalia hilo. Ikigonga gia inapoingia, halafu ikalia kama kifaranga mwendo ukianza, ni krosi, kiungo kidogo kinachoshika ule mhimili mrefu wa kwenda nyuma, propela. Tukishindwa kabisa, Baba alifungua propela ya nyuma, tukatembea kwa miguu ya mbele tu, tuone kama mlio umebaki au umelala chini pamoja na propela. Fundi wa gereji, mzee mwenye kilemba ambaye sikuwahi kuona meno yake, alinisikiliza mimi, Baba akiangalia pembeni. "Mtoto anasema difu," alimwambia kijana wake. "Fungua difu." Shuleni nilikuwa wa tatu kutoka mwisho. Gereji nilikuwa profesa.

Barabarani tulikuwa na ishara. Mlio ukiwa mbele, namgusa bega mara moja. Ukiwa nyuma, mara mbili. Abiria waliona mtoto anayempenda baba yake.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Shangazi alikuwa ameolewa Nakaloke, na siku za kufika kwetu alipika malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi, ndani ya mchuzi mzito wa karanga. Harufu yake nilianza kuinusa tukiwa bado Jinja. Siku hiyo tulipotoka Iganga nikasikia: tii-tii. Nyuma. Nilijua jina lake kama ninavyojua langu. Nikainua mkono, kisha nikapiga hesabu ya mlafi: nikimgusa atasimama, atalala chini ya gari saa nzima, tutafika shangazi ameshagawia watoto wa jirani. Nikarudisha mkono mapajani. Mpunga ukapita, mafunjo ya bwawani yakapita, Budaka ikapita. Kifaranga akawa kuku. Nikaanza kuimba ili nisimsikie.

Tulikuwa tumeipita Mbale mjini krosi ilipokatika. Propela ikaangukia lami kwa kishindo kilichomfanya mama mmoja awaite malaika wote kwa majina. Baba alikisikia kwa miguu, akaliongoza gari taratibu hadi pembeni. Hakuna aliyeumia, labda mayai.

Tukashuka. Muuza vitenge mmoja, mdomo usio na breki, akamsimamia Baba mbele, mikono kiunoni. "Afande, gari yako inalia tangu Iganga. Sisi wote nasikia. Wewe hapana sikia?"

Baba aliniangalia. Ingekuwa hasira ningeivumilia. Aliniangalia kama anayeuliza tu, wewe ulisikia? Nikaangalia viatu vyangu.

Maneno nilikuwa nayo tayari mdomoni. Hayakutoka. Yakatoka ya kwake.

"Mama, mimi sisikii. Miaka mingi sasa. Huyu mtoto ndiye ananisaidia, na leo alilala."

Kisha akaingia chini ya gari, akafungua propela, akaipakia nyuma kama mgonjwa, akaingiza gia ya mbele, na miguu miwili ikatuvuta mpaka Nakaloke. Akina mama walishukuru. Yule wa vitenge hata alipiga goti. Wiki iliyofuata hakuja hata mmoja.

Malewa yalikuwa bado moto. Nilikula. Na yalikuwa matamu, hilo ndilo linaloniuma.

Baada ya hapo Baba alibeba vitunguu badala ya abiria, na hakuniuliza tena gari linasemaje. Alijitafutia njia yake: alichukua mwiko wa ugali, akaegemeza ncha moja kwenye boksi ya gia injini ikiwaka, ncha nyingine akaiuma kwa meno, macho amefumba. Chuma kikamwambia kupitia mifupa. Mama alilalamika ugali wetu una ladha ya grisi, na ulikuwa nayo kweli.

Fowili liliuzwa vipande vipande. Gereji ile sasa ni duka la simu. Njia ya Budondo mwenzio sijaikanyaga miaka, na Baba amelala kwao, chini ya migomba. Nadhani alijua. Mtu aliyesoma midomo miaka yote ile hawezi kushindwa kusoma uso wa mtoto wake. Lakini kujua kwake si sawa na mimi kumwambia, na nilikuwa na miaka mingi ya kukaa naye meza moja na kumwambia karibu na sikio, polepole, aone midomo: Baba, sikulala.