Bomba Lilikuwa Linavuja, Mimi Nikasema ni Jini

Jamani, nimekosa. Sina wa kumsingizia, na mkinicheka nitanyamaza tu.

Naishi Kitangari. Kwetu huku maji ni ya kuvuna: mvua ikinyesha, bati linakusanya, yanaingia kwenye kisima cha saruji uani, na hayo ndiyo yetu mpaka mvua nyingine. Jirani akiishiwa mapema, anakuja kwako na ndoo. Ukimnyima, utasemwa mpaka kwenye misiba.

Mwaka huu mume wangu alileta pampu ndogo iliyotolewa kwenye boti bovu kule Mtwara. Inatumia betri ya sola. Ukifungua koki inanguruma, maji yanaruka bafuni! Ukifunga, inanyamaza yenyewe. Siku ya kwanza nilioga mpaka nikagongewa mlango.

Baadaye ikaanza kunguruma koki zote zikiwa zimefungwa. Inanguruma kidogo, kimya. Inanguruma tena, kimya. Mume wangu akampigia fundi wa Masasi, akaweka spika nami nikasikia.

"Kuna mahali panavuja, njomba," fundi alisema. "Presha ikishuka kwenye bomba, pampu inajiwasha kuipandisha. Kagueni kila kiungo, hata mlipofukia."

Mume wangu alikuwa na safari ya miezi kadhaa, kazi hiyo akaniachia mimi. Basi kabla sijashika hata jembe, akaingia jirani yangu Mama Hadija, mtu mzima, goti lake bovu, ndoo mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nisaidie maji, mwanangu."

Pampu ikanguruma. Mama wa watu akaruka! "Nani huyo?"

Shetani akanipitia. Nilikuwa nimeona kisima kinapungua na uchoyo umeshanijaa. Nikashusha sauti. "Ni mwenye kisima, mama. Hapendi ndoo za watu."

Akaondoka na ndoo tupu, anachechemea. Mimi nikaingia ndani nikacheka mpaka nikakaa chini. Loo, roho mbaya hii!

Habari ikazagaa, uani kwangu hakukanyaga mtu. Na bomba? Nikaliacha livuje. Nilijua kabisa linavuja, ila nilikuwa nimepata mlinzi asiyekula wala kudai mshahara.

Msimu ulipoanza nikaenda Lupaso kumsaidia mama yangu kuokota korosho. Pampu nikaiacha imewashwa makusudi, inilindie kisima. Nikiwa huko Mama Hadija akapiga simu.

"Mama Fulani," akasema (jina la mwanangu nalificha), "huyo ntu wako leo ananguruma hapumziki. Niite watu waingie watazame?"

"Thubutu!" nikamwambia. "Mwacheni, ana hasira." Nikakata simu, nikacheka tena. Mjinga mimi!

Niliporudi uani palikuwa kimya. Nyuma ya bafu tope tupu. Kiungo kilikuwa kimefyatuka chini ya udongo, pampu imeyavuta maji yote na kuyamwaga shambani, halafu nayo ikaungua. Nikafunua kisima. Tope, na chura ananitazama. Nikalia pale pale, maana mvua ilikuwa bado mbali na nyumbani hakukuwa hata na maji ya chai.

Nikachukua ndoo. Niende wapi, kama si kwa Mama Hadija? Alikuwa na madumu mawili aliyoyafuata bondeni kwa goti lile lile. Kusikia kisima kimekauka, akashika kifua.

"Kayanywa yote ntu yule! Pole, mwanangu. Chukua dumu hili. Na usiogope, Ijumaa tunakuja na akina mama kusoma dua, tumtoe."

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Nikasema, "Ahsante, mama." Aibu iliyonishika njiani siwezi kuielezea, dumu lenyewe lilinielemea nikapumzika mara kadhaa.

Ndugu zangu, pampu ikijiwasha na koki zimefungwa, fuateni bomba mpaka mpaone panapovuja, msikae mkatunga uongo. Na mwenye ndoo akija, mpeni maji, hata kama ni kidogo. Mimi Ijumaa hiyo wanakuja na ubani wao kumtoa jini, na jini ni mimi. Wali wa dua nitaupika kwa maji ya Mama Hadija.