Maji Yasiyo na Samaki

Nilipopata kazi ya kulea watoto kule kambi ya wakimbizi ya Benaco nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, nimetoka kwa wazazi wangu Biharamulo mjini, na sikuwa nimezoea kulala mbali na nyumbani isipokuwa kukiwa na msiba. Kituo chetu kilikuwa cha watoto waliopotezana na wazazi wao njiani. Tulikuwa na mahema makubwa mawili, jiko la kuni, na uwanja uliofagiliwa hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu. Walezi tulikuwa watatu: mimi, mama mmoja wa Kihangaza kutoka Ngara, mtu mzima na msafi kupita kiasi, na mwanamke wa Kinyarwanda, mkimbizi kama watoto wenyewe. Kwao alikuwa akifundisha biolojia sekondari, kwa hiyo sote, wakubwa kwa wadogo, tulimwita Mwalimu.

Watoto wale hawakula samaki. Siku tukipika dagaa walisukuma sahani polepole, bila ubishi, wakala ugali mkavu. Hakuna aliyewauliza kwa nini. Walikuwa wamevuka mto, na mwaka ule kila mtu kuanzia kwetu hadi ziwani alikuwa amesikia kwamba mto ulichukua maiti za watu. Hata nyumbani Biharamulo mama yangu aliacha kununua samaki. Mimi niliona dawa ni kuwapikia maharage na kunyamaza. Mwalimu alifikiri vingine.

"Dada," aliniambia nilipokuwa najiandaa kwenda likizo, "Biharamulo wanauza vioo vya dirisha?"

"Wanauza. Lakini vya nini? Hema halina dirisha."

"Nataka kuwajengea samaki nyumba. Samaki wazima, watoto wawaone wakiogelea."

Nilimtazama nikidhani uchovu umemzidi. Hakuwa anatania. Nilirudi na vioo nimevifungia katika blanketi, nimevipakata juu ya magunia ya lori kama mtoto mchanga, na kwenye kila shimo la barabara niliviombea. Seremala mmoja wa kambini alitengeneza fremu ya mbao. Mafundi wa maji walitupa gundi waliyobakiza, na tangi likasimama juu ya meza, pembeni ya hema, mahali penye kivuli.

Nilitegemea samaki waje wiki ileile. Mwalimu aliweka mchanga na changarawe alizoosha kijitoni, akapanda majani machache ya bondeni, akajaza maji ya kijito. Maji ya bomba la kambi aliyakataa, kwa sababu yalitiwa klorini ya kuua vijidudu. Kisha akasaga dagaa wawili watatu, akawatupa mle ndani, akakaa.

"Sasa samaki?" niliuliza.

"Bado. Maji haya ni machanga."

Alinieleza tukiwa tunachambua maharage. Samaki hujisaidia mlemle anamoishi, na uchafu wake ni sumu inayomrudia. Mtoni sumu huchukuliwa na maji. Katika tangi hubaki. Ila kuna viumbe wadogo sana, wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni sumu hiyo. Huja wenyewe, hushika kwenye mchanga na mawe, huzaana taratibu. Dagaa wale waliooza ndio chakula cha kuwaanzia. Ukiwahi kuweka samaki kabla wao hawajatosha, samaki atakufa.

"Watoto hawa wameona vifo vingapi hadi leo?" alisema. "Hapana. Tutasubiri."

Basi tukasubiri. Maji yaligeuka meupe kama yaliyooshewa mchele, yakanuka. Watu wa mahema ya jirani walipita wakicheka: hawa wana tangi la maji machafu, wanaliangalia kama televisheni. Kwa kuwa umeme haukuwepo wa kuendesha pampu, aliwagawia watoto zamu za kupitisha hewa majini: unachota kikombe, unakiinua juu, unamimina, unachota tena. Nilishangaa kuona watoto ambao hatukuweza kuwaamsha kunawa uso wakigombea zamu ya kumimina maji yasiyo na kitu. Walikuwa wakiinamisha pua juu ya tangi na kumpa Mwalimu taarifa: leo yananuka zaidi, leo yamepungua. Kwenye vioo ukaanza kuota ukungu wa kahawia, na mmea mmoja uliokuwa umenyauka ukatoa jani jipya. Mwalimu alilionyesha jani lile kwa kidole. Alikuwa anafurahi.

Ndipo tukaambiwa wageni wanakuja kukagua kituo. Mwalimu alikuwa ameitwa upande wa pili wa kambi kutafsiri, na mimi nilikuwa foleni ya kuni. Mama wa Kihangaza alibaki. Aliona tangi lenye ukungu na harufu mbele ya hema atakalopokelea wageni, na moyo wake wa usafi haukuvumilia. Alimwaga kila kitu, akasugua vioo kwa dawa ya klorini, akachemsha mchanga, akajaza maji ya bomba. Niliporudi tangi lilikuwa linang'aa, na watoto walikuwa wamekaa chini wakimtazama mama wa Kihangaza.

Mwalimu alifika baada ya wageni kuondoka. Nilitamani nisiwepo. Alisimama mbele ya tangi, akaingiza kidole, akakinusa.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnanitazama hivi? Nimekosea nini?"

"Umesafisha vizuri. Mimi sijawahi kuving'arisha vioo hivi namna hii. Ila humo ndani kulikuwa na wanyama, mama. Wadogo mno, na mimi sikukuonyesha." Akavuta kigoda, akamkalisha, akamweleza tangu mwanzo, kwa sauti ileile aliyonieleza mimi, bila kuharakisha. Alipomaliza, mama wa watu alikuwa ameshika kichwa.

"Sasa tutafanyaje?"

"Buhoro buhoro," Mwalimu alimjibu. Maneno hayo ya Kinyarwanda, taratibu taratibu, ni yaleyale kwa Kihangaza. "Tunaanza upya."

Na akaanza upya asubuhi iliyofuata, na ndoo, kutoka kijitoni. Nimewaona watu wengi hodari maishani, lakini huyu alikuwa amepoteza nyumba, kazi na watu ambao hakuwahi kututajia hata kwa idadi, na bado alikuwa na nguvu ya kuanza tena kitu kidogo kama kile bila kununa. Safari hii mlinzi wa tangi alikuwa mama wa Kihangaza. Hakuna mtu aliyelikaribia na sabuni.

Maji yalipotulia, yakawa angavu na yenye harufu ya udongo baada ya mvua, Mwalimu aliagiza perege mchanga mmoja kutoka bwawa moja upande wa Nyakahura. Mmoja tu. Alimwacha ndani ya ndoo, akawa anamwongezea maji ya tangi kidogo kidogo, kisha akamwachia. Samaki alizama, akajificha nyuma ya jiwe, halafu akatoka. Kesho yake alikuwa mzima. Keshokutwa pia. Msichana mmoja, mkubwa wao, alikaa naye karibu siku nzima, kisha akauliza, "Anaishi humo kweli? Majini?"

"Anaishi," Mwalimu alisema. "Maji ni kwake."

Wengine waliongezwa baadaye, mmoja mmoja. Kuhusu dagaa, siwezi kusema wote walianza kula. Wachache walionja. Mwalimu hakuwahi kuwahimiza.

Wakati wa wakimbizi kurudi kwao ulipofika, kambi ilivunjika kwa haraka kuliko ilivyojengwa. Watoto walipakiwa magarini, na Mwalimu aliniomba tuwapeleke samaki kwenye bwawa, tukawaachia wote wakiwa wazima. Kisha alichota mchanga wa tangi ukiwa bado na majimaji, akaujaza katika kopo la maziwa na kulifunika kwa kitambaa.

"Huu unakwenda nao?" niliuliza.

"Nikifika nitatafuta vioo. Na huu ukiwemo, sitakaa nasubiri sana."

Alijitwika mkeka na nguo zake, kopo akalishika mkononi, akaingia barabarani pamoja na wengine. Sijui alifika wapi. Mimi na mama wa Kihangaza tulibaki tukikunja mahema hadi jua likatuzidi, tukaenda kukaa kivulini, na yeye akaanza kunisimulia habari za viumbe wadogo wasioonekana, kana kwamba sikuwahi kuzisikia. Nilimwacha asimulie.