Talaka ya Redioni

Tangu aanguke kutoka juu ya mkarafuu na mguu wake kuunga upande, Pandu wa Vitongoji hakubakiwa na kazi ila ulimi. Yeye na mkewe Mwatum walikuwa wakichekesha watu maharusini, hata watu wa redio kutoka Unguja wakapata habari zao, wakawafunga kwa mkataba wa mwaka: Pandu mume bahili, Mwatum mke mwenye mdomo. Gari yao ikija mjini Chake na mashine ya kunasia sauti, nao hufika kuigiza. Ule mwaka wa sitini hakuna aliyemwita Pandu kiwete tena.

Kisha ukaja mchezo ambao ndani yake mume anamwacha mke. Maneno yalikuwa yameandikwa waziwazi: "Nimekuacha, nenda kwenu." Na mkataba ulisema mchezaji husema kilichoandikwa, asiyetaka atoke.

Mwengine angesema na kwenda zake. Lakini Pandu ujanani alikuwa na hasira za karibu, na mara mbili alishamwacha Mwatum kweli na kumrejea. Ilibaki talaka moja. Hiyo ikitoka, hakuna kurejeana mpaka Mwatum aolewe na mume mwengine, na hilo Pandu hakuwa tayari kulistahamili.

Alikwenda kwa Shehe Mbarouk. Shehe akavuta ndevu.

"Wako wasemao, anayesimulia maneno ya mwengine hayampati. Lakini weye unamwambia nkeo mwenyewe, usoni pake. Talaka haina mzaha, Pandu. Miye usinitie."

Akarudi nyumbani hoi. Alimweleza Mwatum yote, na alitaraji ugomvi, walau kilio. Mwatum alikuwa akikuna nazi, wala hakuinua uso.

"Ulimi n'wako," alisema.

Wiki ile nzima aliendelea na kazi zake kama kawaida. Pandu akawa hapati usingizi, chakula hakipiti. Akisema maneno yale, atampoteza mke. Asiposema, mkate umekwenda, na mkarafuu hapandi. Siku ya safari Mwatum alijitwika furushi, naye Pandu akamuuliza ni kitu gani.

"Vyangu," akajibu.

Huko Chake, Bwana Mabruki, mkubwa wa mchezo, aliwasha mashine. Mambo yakaenda vizuri mpaka pale penyewe. Pandu akafungua kinywa, akamtazama Mwatum, akakifunga. Mabruki akaanza upya. Pandu akakwama tena palepale.

"Mzee Pandu, huu ni mchezo tu!" alifoka Mabruki. "Na mkataba umeutia saini mwenyewe."

"Bwana Mabruki, una nke?"

"Ninaye. Kwani vipi?"

"Basi kama n'chezo, mtaje kwa jina lake, useme weye hayo maneno. Nami nikishakusikia, n'tasema yangu."

Mabruki akacheka. Akaisogelea maikrofoni, akafungua kinywa. Kile kicheko kikamwishia njiani. Akainama kushughulika na nyaya ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

"Mkataba ni mkataba," alisema bila kumtazama. "Tutatafuta wengine."

Wakatoka. Pandu alikuwa mwepesi na amevunjika moyo vilevile. Walipokaa kando ya njia kungojea gari, njaa ya wiki nzima ikamrukia, akalivuta furushi akitumai mna japo kipande cha muhogo. Alilifungua. Mlikuwa na kanga za Mwatum, zote, zimekunjwa moja moja, na msala wake wa kuswalia, na wanja wake.

Akamtazama mkewe.

"Nilikwambia ulimi n'wako," Mwatum alisema. "Miguu n'yangu."

Pandu akalifunga furushi, akakaza fundo mara mbili. Gari ilipokuja, Mwatum alinyoosha mkono kulichukua. Pandu hakumpa. Alipanda nalo mwenyewe, na mguu wake ule, akalipakata mpaka Vitongoji.