Mama Winchi na Maneno ya Kuthubutu

Saa moja asubuhi redio za saiti ya ujenzi zilikaa kimya. Betri zilikuwa zimejaa na taa za kijani zinawaka, ila sauti iliyozoeleka haikuja. Kwa miaka kumi na saba sauti hiyo ndiyo iliyofungua kazi: "Niko juu. Upepo mdogo. Nani yuko chini?" Siku hiyo waashi walisimama na makarai yao mikononi, wakatazama kile kibanda cha vioo cha winchi ya kuinulia mizigo, kilichoning'inia angani, kama watu wanaotazama nyumba ya jirani aliyehama.

"Leo hata zege litakauka kwa unyonge," mmoja akasema.

Mwenye sauti walimwita Mama Winchi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mfupi, mchache wa maneno, na kila siku ya kazi alipanda ngazi ya vipago mia mbili na kumi na viwili kwenda kukaa peke yake juu ya vichwa vya watu. Kutoka kule hakuweza kuona mzigo uliokuwa nyuma ya ukuta. Macho yake yalikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyesimama chini na redio. Kati yao palikuwa na sheria moja: neno analosema mmoja lazima mwenzake alirudie, ndipo kitu kisogee.

"Shusha kidogo, shemeji."

"Nashusha kidogo."

"Simama hapo."

"Nimesimama hapo."

Asiporudiwa, alisubiri. Aliwahi kusubiri dakika ishirini, nondo tani mbili zikiwa zimening'inia, kwa sababu shemeji alikuwa amekimbilia chooni na tumbo lake. Hakusogeza hata unywele. Mpaka leo saiti nzima inalijua tumbo lile.

Kisha magoti yakaanza kulalamika. Kufika kipago cha mia yalikuwa yanamuuma. Cha mia na hamsini alikuwa anasimama na kujifanya anatazama mji. Chuo cha ufundi kilikuwa kinatafuta mtu wa kufundisha waendesha winchi, na kazi yenyewe aliijua kama kiganja chake. Lakini wanafunzi walitoka nchi kadhaa, somo lilikuwa kwa Kiingereza, na chuo kilitaka alama sita kati ya tisa katika mtihani wa kuongea. Mara ya kwanza alipata nne. Chini ya alama waliandika kwamba ananyamaza mno. Wakuu wa chuo walimwambia watamngoja mara moja tu tena.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, akamweka kitako kwenye meza ya jikoni.

"Msimu huu wanapenda kuuliza juu ya hatari, Mama. Watu wanaothubutu na watu wanaoogopa." Akabandika kadi ukutani, juu ya masufuria: risk, cautious, reckless, play it safe. Kila jibu zuri alilipa kwa nyota ya karatasi, kama anavyowalipa watoto wake wa miaka mitano.

"Haya. Mtu reckless, asiyejali hatari, ni yupi?"

"Baba yako akipanda baiskeli."

"Kwa Kiingereza, Mama."

"My husband on a bicycle is reckless."

"Vizuri! Nyota moja."

"Mbili. Nimesema kweli tupu."

Saa ya chakula cha mchana shemeji alichukua zamu, kupitia redio. "Shemeji yangu wa mawinguni, nipe neno la mtu anayejihadhari." "Cautious," likashuka jibu. Redio zilikuwa kumi na mbili, na kila mtu alisikia. Haikupita wiki mbili, fundi mmoja akapanda jukwaa bila mkanda wa usalama, na waashi wote, hata wale wasiojua kuomba maji kwa Kiingereza, wakampigia kelele kwa pamoja: "Reckless!" Akashuka kufuata mkanda, uso chini.

Kwa ajili ya mtihani, binti alimtungia mama yake kisa: aliacha kazi, akafungua duka, akahangaika, akafaulu.

"Sijawahi kufungua duka."

"Mama, hawaji kukagua duka."

Akakikariri mpaka kikalainika mdomoni.

Siku yenyewe ikafika: chumba kidogo, meza, viti viwili, kinasa sauti na feni. Mtahini, mama mwenye miwani ya mnyororo, alimwomba aeleze siku aliyothubutu jambo la hatari.

"Some years ago, I took a risk," alisema Mama Winchi. Akanyamaza.

Mtahini alimtazama. Feni ikazunguka. Duka lote lilikuwa tayari kichwani, rafu kwa rafu, lakini ulimi haukusogea. Alikuwa anasubiri. Alisubiri kama mtu mwenye nondo tani mbili mikononi, na ghafla akajua anasubiri nini: mama huyu alirudie neno lake. Hata ile mara ya kwanza, ndicho alichokuwa akingoja. Kicheko kikamtoka kabla hajakizuia.

"Samahani," alisema kwa Kiingereza chake cha kupanda ngazi, kipago kwa kipago. "Kazini kwangu, mtu asiporudia, siendelei."

Na kwa kuwa ameshaanza kusema kweli, duka akaliacha hapo hapo. Akasimulia siku aliyoona wingu upande wa nyuma, akakataa kupandisha mabati. Injinia alimfokea kwenye redio mbele ya watu wote, akasema kesho asirudi. Alizima mtambo, akakaa na mikono mapajani. Hatari aliyoichukua, alisema, ilikuwa kupoteza kazi. Kwa mabati alikuwa cautious. Kwa injinia, labda reckless kidogo.

Mtahini alitabasamu, mara ya kwanza. "Na upepo ulikuja?"

"Haukuja. Hata jani halikutikisika."

"Kwa hiyo ulikosea?"

"Nilikosea," alisema Mama Winchi. "Jioni tukaenda nyumbani wote. Kesho yake nikarudi, injinia akanisalimia yeye kwanza. Na lile wingu likirudi, nitakosea tena."

Aliongea mpaka saa ya mezani ikalia. Mtahini akatangaza kwamba mtihani wa kuongea umefikia mwisho.

"Mtihani wa kuongea umefikia mwisho," alirudia Mama Winchi, neno kwa neno, ndipo akanyanyuka.

Alipata sita na nusu. Binti alimbandika nyota tatu kwenye paji la uso, naye akaenda nazo saiti kuaga, akapanda vipago vyote kwa mara ya mwisho kuchukua mto wa kiti chake. Kesho yake ndiyo ile asubuhi redio zilipokaa kimya.

Sasa anafundisha chuoni, chumba namba nne, ghorofa ya chini, kuanzia saa mbili asubuhi.