Pofu Walioshuka Mgodini

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2015, mlinzi wa geti, Mrundi aitwaye Nestor, aliniambia kwamba kiangazi kikizidi, pofu hushuka kwenye migodi ya zamani ya dhahabu, wakanywa maji ya huko chini, na mvua zikinyesha hutokea upande wa pili wa Johannesburg wamenenepa. Niliamini kabisa, mimi mwenye cheti cha shule ya usiku ya mtaa wa Yeoville, cheti kizito kuliko mlango!

Pofu ndiye swala mkubwa kuliko wote. Dume likisimama mbele yako, jua linazimika. Kazi yangu katika hifadhi ile ya kusini mwa jiji ilikuwa kuwapiga picha, kila mmoja ubavu wa kulia na wa kushoto, kwa sababu mistari myembamba ya ubavuni ndiyo kitambulisho chake, na pande mbili hazifanani. Unamwendea upepo ukikupiga usoni, asikunuse. Magoti yake hulia ta! ta! kama mtu anayealisha vidole, nawe unamsikia kabla hujamwona.

Niliyempenda ni jike lenye pembe iliyopinda. Nilimwita Bibi Kombo.

Mwaka uliofuata majani yaligeuka vumbi. Kila wiki mbavu zake zilizidi kuonekana kwenye lenzi. Nikamwendea Mkuu wa Hifadhi, ambaye kama wote pale aliniita Papa, yaani mzee.

"Bosi, tumpelekee hata nyasi kavu."

"Eish, Papa! Wanyama wa porini hatuwalishi. Wewe piga picha."

Nikapiga. Ndiyo kazi yenyewe: unaona vizuri kuliko wote, na huna la kufanya. Siku moja hakuwepo, yeye na wenzake wengi. Nestor akanipigapiga begani.

"Wameshuka, Papa. Subiri mvua."

Mvua zikaja. Nikakaa na kamera kwenye mdomo wa shimo la mgodi wa zamani, upande wa pili wa jiji, msimu baada ya msimu, mpaka Mkuu mpya akadhani nimeajiriwa na shimo. Hakutoka hata panya.

Nilistaafu 2019. Vijana mkiniuliza kazi ile ilinipa nini, nawaonyesha picha: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mnyama anakwisha. Sina kingine.

Siku ya kuaga nilimwomba daktari wa wanyama, binti wa Kitanzania, kwamba Bibi Kombo akitokea shimoni, anipigie simu hata kama niko kitandani nakata roho.

Akanijibu:

"Mzee wangu, pofu hawashuki mgodini. Bibi Kombo wako alikufa kwa njaa kiangazi kile, kando ya uzio. Tulimzika, mimi na Nestor."