Babu Alikuwa na Kimo Gani?

Jamani, watu wa kwetu watanitoa roho. Nilifunga duka langu Malaba ili tumzike babu, nikafika Bukhayo, kwao mama, nikakuta wazee wameketi wanabishana kuhusu mgomba.

Babu, baba yake mama, alizama wakati wa vita vya Wazungu. Meli ilikuwa ya abiria, ikageuzwa kubeba askari, nyambizi ikaipiga huko baharini. Mama alikuwa bado tumboni. Sasa ni ajuza, moyo wake umechoka, daktari ametuambia tusijidanganye, na anachotaka ni kimoja tu: baba yake apate kaburi kabla yake yeye. Kwetu asiyerudi huzikwa kwa mgomba. Shina linakatwa, linavikwa shuka, linalazwa kaburini kama mtu. Lakini binti aliyeolewa Marachi hawezi kuamuru mazishi kwao. Lazima wazee wa ukoo.

Basi wazee wenyewe ndio hao! Mmoja alidai babu hakufa, eti aliogelea mpaka Bombay akaoa huko. Mhubiri naye akasema haombei mti, akatulizwa kwa chai. Nikadhani tumemaliza. Thubutu! Likaja suala la urefu. Mgomba sharti ulingane na marehemu, la sivyo atarudi kudai kilichobaki. Huyu akasema ukoo wetu wote ni wafupi, ukatwe mfupi. Yule akasema jeshi halikuchukua andunje. Aliyemwona babu kwa macho yake hayupo hata mmoja, lakini kila mtu fundi. Jua likapanda, shimo liko wazi, mama kwenye kiti cha plastiki anahema. Nilikasirika. Nikawauliza, kwa heshima zote, kama wanangoja tuchimbe mashimo mawili. Nikaambiwa mtoto wa kike anyamaze. Mimi, mwenye wajukuu!

Mama ndiye aliyeinuka. Akaomba mgomba usimamishwe, akajikokota hadi pale, akasimama akiugusa.

"Mama yangu alikuwa akimfikia baba begani," akasema. "Na kimo changu ni kile cha mama."

Mzee mmoja akakadiria shingo na kichwa juu ya mama, akatia alama kwa panga. Tukangoja mama asogee ili wakate. Hakusogea. Alikuwa ameegemeza shavu kwenye mgomba, amefumba macho, na mimi niliyewaharakisha watu tangu asubuhi nikawaambia wasubiri.