Karatasi ya Masudi Niliyoifungia Mezani

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kasongo, Shefu wa Ofisi ya Kazi alinipa mashini ya kuandikia na swali moja. "Fundi ameanguka kwenye shantie, pale wanapojenga. Utauliza nini kwanza?"

Nikajibu: nani alikosa?

"Hapana, mutoto wangu. Utauliza alikuwa kazini kwa nani. Ajali ya kazi haingoji mukosaji apatikane."

Ninyi mnaoanza kazi hii leo mna simu za kupiga picha. Sisi tulitegemea karatasi: tangazo la ajali, ambalo mwajiri hupaswa kulipeleka mwenyewe, cheti cha daktari, na pwantaji, ile orodha ambayo kapita, msimamizi wa mafundi, huandika humo waliofika kila asubuhi. Kibarua hana kontra, mkataba wa kazi. Kwake yeye, pwantaji ndiyo kontra.

Baadaye nilihamishiwa Kabambare kuwa karani, na kwa miaka mingi kila aliyeumia alinitafuta mimi. Kisha akaletwa Ispekta Furaha, aliyesomea sheria Kindu, mdogo kuliko binti yangu wa kwanza. Alijiendeshea pikipiki mpaka Lusangi, akarudi na matope magotini, akaongea Kibangubangu na wamama sokoni. Mwezi haukwisha, watu wakawa wanapita mbele ya meza yangu bila kuketi. "Mama Ispekta iko?" Basi. Nikisema hayuko, wanakwenda kumngoja nje juani badala ya kunieleza mimi shida yao. Iliniuma, siwafichi. Hata akicheka ofisini kwake, nilidhani ananicheka mimi.

Ndipo kibarua mmoja, Masudi, akaanguka. Alikuwa akijenga ukuta wa shule. Miti ya jukwaa ikavunjika, na hospitalini wakamkata mguu. Mukandarasi aliyejenga shule ile akasema, "Huyu mutu simujui. Alikuwa anapita tu." Furaha akahangaika kutafuta shahidi, lakini mafundi waliogopa kupoteza kazi.

Siku moja Furaha akiwa Lusangi, akaja Mama Asha, aliyewapikia mafundi. Akatoa kanga katika mfuko wake wa majani, akaikunjua. Ndani mlikuwa na pwantaji ya siku ile ya ajali, jina la Masudi, na sahihi ya kapita.

"Kapita aliitupa, mimi nikaiokota. Umupe Mama Ispekta."

Angesema tu, "Chukua, Papa." Lakini hata yeye alimtaka Furaha! Nikaifungia kwa ufunguo katika droo ya meza yangu. Sikutaka Masudi ashindwe. Nilitaka Furaha ashindwe, japo mara moja. Wivu ulinifanya niamini kwamba hayo ni mambo mawili.

Majuma mawili yakapita. Masudi akaja kwa magongo, akaketi mbele yangu.

"Papa, niandikie barua. Naacha kesi."

"Kwa nini?"

"Mukandarasi atanipa mbuzi mbili nikitia sahihi. Ushahidi haiko. Watoto wanakula nini?"

Nikatia karatasi kwenye mashini. Nikaandika jina lake na mahali alipozaliwa. Nilipofika neno "naacha", vidole vikakataa. Nikamwambia angoje, nikafungua droo, nikaingia kwa Furaha.

Aliisoma pwantaji mara mbili. "Umeipata leo, Papa?"

"Hapana. Juma mbili sasa. Nilikuonea wivu."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akasema, "Mwite Masudi. Na wewe ujitayarishe, utaeleza mbele ya hakimu jinsi ilivyokufikia."

Tulikwenda Kasongo kwa pikipiki mbili, barabara mbovu, Masudi amefungwa kwa kitambaa mgongoni mwa dereva asianguke. Hakimu aliniuliza karatasi ilikuwa wapi. Nikasema yote, watu wakisikia. Mukandarasi akaamriwa kumlipa Masudi fidia, na malipo ya kila miezi mitatu maisha yake yote. Masudi akalia, akamshika Furaha mikono. Mimi nilisimama kando, na hata wakati ule, Mungu anisamehe, nilitamani mikono iliyoshikwa iwe yangu.

Shefu wa ofisi yetu alinipa onyo la maandishi. Kesho yake Furaha aliniwekea dosie nyingine, faili la ajali, mezani kama kawaida.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo. Vijana wakiniuliza juu ya kazi, nawaambia: ukipokea ushahidi, andika tarehe kabla aliyeuleta hajainuka kitini. Juu ya wivu sina sheria ya kuwapa. Ujuzi wa Furaha nilikwisha kuuzoea. Ninachomwonea wivu mpaka leo ni jinsi alivyoweza kunisamehe. Mimi, kwa nafasi yake, nisingeweza.